Mbwa akinyonyoka, weka kando oili chafu

Ukimwona mbwa wako amenyonyoka manyoya mbavuni pande zote mbili, mkia umebaki kama wa panya, naye hajikuni, usiharakishe kusema ni upele. Huenda tezi ya koo, iitwayo thairoidi, imelegea.

Tezi hii hutoa homoni inayouongoza mwili katika kutumia chakula na kujipa joto. Mara nyingi huharibiwa na kinga ya mwili wa mbwa mwenyewe, inayoigeuka na kuila polepole. Hupatwa zaidi mbwa wa makamo, wa miaka 4 hadi 10, hasa wa asili ya kigeni kama Dobermann. Hunenepa ilhali chakula ni kile kile. Hulala kutwa. Hutafuta joto. Hapa Voi, mbwa anayeacha kivuli cha mwarobaini saa saba mchana akajilaza juani anakuambia jambo. Kule Wundanyi dalili hiyo haisaidii sana, maana asubuhi za Julai hata mwenye mbwa huota jua!

Kinachoniudhi ni oili chafu ya gari. Mbwa akinyonyoka tu, anapakwa. Oili hiyo ni sumu. Mbwa hujilamba akaimeza. Tezi haiponi kwa oili, na hata upele, ambao huwasha mno na unaweza kuwapata watoto, una dawa yake kwa daktari wa mifugo. Ugonjwa wa tezi hauambukizi. Kwa nini basi umfukuze mlinzi aliyekukingia mahindi dhidi ya nyani miaka yote hiyo?

Wako pia wanaokwenda kasi upande wa pili. Wakisikia habari za tezi, wanampa mbwa vidonge vya levothairoksini vya mgonjwa wa nyumbani, kwa kukisia. Kipimo cha mbwa si cha mtu, na kikizidi moyo humwenda mbio, akakonda na kuhangaika. Chumvi yenye iodini nayo haimtibu.

Tena nchi yetu ina kupe, na kandokando ya Tsavo kuna mbung'o. Homa ya kupe na nagana humlegeza mbwa vilevile, na mbwa anayeugua maradhi mengine homoni hii hushuka katika damu yake ingawa tezi ni nzima. Kwa hiyo mwombe daktari atafute kupe, upele na nagana kwanza. Tezi ifuate, na damu ipimwe homoni mbili: ya tezi yenyewe, na ile itokayo chini ya ubongo kuiamrisha.

Ikithibitishwa, vidonge ni vya kila siku, maisha yake yote. Uchangamfu hurudi baada ya wiki chache; manyoya huchukua miezi. Uliza mapema bei ya dawa za mwezi mzima, na kama damu itabidi ipelekwe Mombasa au Nairobi, nani atalipa usafiri. Na ubebe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, maana daktari atakiulizia.