Daftari la mgema laweza kuokoa roho

KILA mara pombe haramu inapoua watu nchini, hatua za serikali huwa zile zile. Machifu hufokewa, mabanda huvamiwa na kangara ikamwagwa mitaroni. Swali moja husalia bila jibu: kinywaji hicho kilitiwa nini?

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014, makumi waliangamia katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo. Februari 2024, msiba ukabisha hodi Kirinyaga.

Mshukiwa mkuu katika mikasa ya aina hii huwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo walaghai huongeza ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo.

Busaa ya mahindi na kimea cha wimbi, au muratina ya asali na tunda la mwegea, zilikuwa na vipimo vyake. Vipimo hivyo vilikaa kichwani mwa mpishi na kurithishwa kwa mdomo. Hilo lilitosha pale mpishi na mnywaji walipokuwa majirani. Leo chang'aa husafirishwa usiku kwa mitungi, na anayeiuza huenda hamjui aliyeipika.

Hapa ndipo umuhimu wa daftari unapojitokeza. Mgema anayeandika tarehe, vipimo, alikonunua sukari, siku za kuchacha na aliowauzia, anaweza kujua ni pipa lipi lililoharibika. Dalili kali za sumu ya methanoli huweza kuchukua saa 12 hadi 24 kujitokeza. Katika muda huo, walionywa pipa hilo wanaweza kutafutwa na kutibiwa kabla ya kupoteza macho au uhai.

Kizingiti ni sheria. Ile ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo ilifuta marufuku ya zamani dhidi ya chang'aa, lakini ikaweka masharti ya leseni na chupa ambayo mama pima wa kijijini hayamudu. Kwake, daftari ni ushahidi wa kumfunga. Hivyo, sheria iliyokusudiwa kumlinda mnywaji imemfundisha mpishi kutoandika lolote.

Ni kweli kwamba mlaghai hataandika kuwa ametia sumu. Hata hivyo, pale wagema waaminifu watakapokuwa na kumbukumbu, asiye nazo atatambulika upesi.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la kaunti. Magavana wana uwezo wa kubuni leseni nafuu kwa pombe za kienyeji zisizokenekwa, sharti lake kuu likiwa daftari linalokaguliwa na afisa wa afya badala ya polisi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa siku hizi wapo wanaolitia sumu, na hakuna palipoandikwa.