Asilimia 99,9: ahadi ya kampuni za kuhifadhi tovuti inamlinda nani?

Redio, shirika la kiraia, chuo kikuu ao duka la Goma na Bukavu likitaka tovuti, mara nyingi linakodisha nafasi kwenye seva iliyo Ulaya ao Marekani. Kwenye ukurasa wa bei, kampuni inaandika kwa herufi kubwa: tovuti yenu itakuwa hewani asilimia 99,9 ya wakati, na mafundi wetu wako kazini saa 24 kwa 24. Mteja anasoma, analipa, anatulia. Lakini namba ile inaahidi nini hasa? Na siku tovuti inapozimika, nani anabeba hasara?

Tufanye hesabu

Mwezi wa siku 30 una dakika 43 200. Asilimia 0,1 ya wakati huo ni dakika 43. Kwa mwaka mzima inafika karibu saa 8 na dakika 45. Ikiwa mkataba unapima kwa mwaka, tovuti inaweza kuzimika siku nzima ya kazi, hata siku ya kutangaza matokeo ya mitihani, na kampuni bado ikasema imetimiza neno lake. Kwa ahadi ya asilimia 99,5, kampuni inaruhusiwa saa 3 na dakika 36 kila mwezi. Tofauti hiyo ndogo ya namba ndiyo tofauti ya bei.

Tena, si kila dakika inahesabiwa. Mikataba mingi inatoa nje matengenezo yaliyotangazwa mbele, makosa ya mteja mwenyewe, na mambo ambayo kampuni inasema hayako chini ya uwezo wake. Na mara nyingi neno «hewani» linamaanisha tu kwamba seva imewaka na ina mtandao. Tovuti ikichukua dakika mbili kufunguka, kwenye saa ya kampuni hakuna tatizo.

Fidia ya senti

Ahadi ikivunjwa, mteja anapata nini? Amazon, moja ya kampuni kubwa zaidi duniani katika kazi hii, inaandika wazi katika masharti ya huduma yake ya EC2: huduma ikishuka chini ya asilimia 99,99 kwa mwezi, mteja anarudishiwa asilimia 10 ya malipo ya mwezi ule; ikishuka chini ya 99, asilimia 30; chini ya 95, malipo yote. Asilimia 95 ya mwezi maana yake ni saa 36 za giza. Na fidia haiji kama pesa mkononi, bali kama punguzo kwenye malipo ya mbele. Tena mteja mwenyewe ndiye anapaswa kuidai, kwa muda uliopangwa, akionyesha alama za kosa.

Kwa kipimo hicho, mwenye kulipa dola 5 kwa mwezi, akipoteza saa 7 za kazi, anapata senti 50. Wateja waliokosa kuagiza, habari ambayo haikusomwa, mfadhili aliyekuta ukurasa mtupu: hayo hayamo. Kwa ufupi, kampuni haiahidi kwamba tovuti haitazimika. Inaahidi punguzo dogo ikizimika kupita kiasi.

Somo la Strasbourg

Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya Ufaransa OVHcloud mjini Strasbourg, kando ya mto Rhin. Hakuna mtu aliyekufa. Lakini tovuti milioni kadhaa zilizimika, na mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, akawaomba wateja waanzishe mpango wao wenyewe wa kuokoa kazi. Wengi hawakuwa na mpango wowote.

Wamoja walikuwa wamelipia nakala za akiba, wakifikiri ziko salama. Kampuni moja, France Bati Courtage, iligundua kwamba nakala zake zilikuwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Mwanzoni mwa 2023, mahakama ya biashara ya Lille iliamuru, katika hukumu ya kwanza, OVH iilipe zaidi ya euro 100 000. Ushindi huo ulichukua karibu miaka miwili, na mwenye kushinda alikuwa na mwanasheria na mahakama karibu. Mikataba mingi inataja mahakama ya nchi ya kampuni. Mwenye duka wa Kadutu atakwenda kushitaki Lille kwa nauli gani?

«Tumepokea ujumbe wenu»

Msaada wa ufundi nao unahitaji kusomwa kwa makini. Kujibu saa 24 kwa 24 si kutengeneza saa 24 kwa 24. Kampuni nyingi zinaahidi muda wa jibu la kwanza. Na jibu la kwanza linaweza kuwa barua ya mashine inayosema ujumbe umefika. Muda wa kumaliza tatizo hauandikwi. Fundi anayejua kazi, anayepokea simu, anawekwa kwenye bei ya juu.

Huku mashariki kuna jambo lingine ambalo hakuna asilimia inaligusa: njia. Tarehe 12 mwezi wa tano 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, serikali ya Kinshasa ilikata intaneti kwa karibu majuma matatu baada ya uchaguzi. Siku hizo zote seva za Ulaya zilikuwa zimewaka. Kwa kampuni, tovuti ilikuwa hewani. Kwa msomaji wa Goma, haikuwako.

Cha kuuliza mbele ya kulipa

Si kwamba kampuni hizi ni za wizi. Hakuna mashine isiyokufa, na bei ndogo haiwezi kununua usalama wote. Kosa ni kuuza punguzo kwa jina la dhamana. Basi mteja aulize: wakati unapimwa kwa mwezi ao kwa mwaka, na nani anaupima? Nakala za akiba ziko jengo gani, mji gani? Mara ya mwisho walijaribu kuzirudisha lini? Tatizo likitokea siku ya Mungu usiku, nani anajibu, na kwa luga gani?

Na akishauliza, bado aweke nakala yake mwenyewe kila juma kwenye diski iliyo mkononi mwake, mbali na seva. Kwa redio ya mtaa yenye habari za miaka kumi, ao shirika lenye ushuhuda wa wahanga wa vita, kile kinachopotea hakirudishwi na punguzo la senti 50.