Mashini ikisema hauko, biro ndiyo ijibu

GOMA – Kuambiwa “mashini inasema hauko” siku ya kugawa unga ni hukumu bila kesi. Na hapa Kongo hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Hesabu ya mwisho ya raia ilifanywa mwaka 1984. Kadi ya mpiga kura ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho. Aliyekimbia vita bila kuibeba anabaki na ushahidi mmoja tu: jina lake ndani ya orodha ya biro fulani. Jina hilo likipotea, mashini isisingiziwe. Waulizwe waliochagua namna ya kulitunza.

Kuna biro ambazo hadi leo zinaweka orodha ndani ya faili moja ya zamani, kwa mfano ya Microsoft Access, kwenye kompyuta moja, na kompyuta zingine zote zinaifungua kupitia waifai. Kwa mtu mmoja mwenye umeme wa uhakika, hakuna ubaya. Kwa watu kumi ndani ya mji wa Goma, ni kucheza na majina ya watu.

Namna hiyo, kila kompyuta inaingiza mkono wake moja kwa moja ndani ya daftari lile lile. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au waifai ikianguka kidogo tu, ukurasa unaweza kubaki nusu. Pengine kinachovunjika ni faharasa, ile inayoonyesha kila jina liko wapi. Basi jina lingali ndani, lakini anayelitafuta halioni.

Wenye biro hujibu kwamba kuna kitufe cha kutengeneza faili. Kitufe hicho kinaweza kutupa mistari ambayo kimeshindwa kuisoma. Anayekibonyeza bila kutoa nakala kwanza anaweza kufuta familia nzima, kisha akaendelea na kazi kama kawaida.

Na hakuna anayefanya kazi Goma anayeweza kusema hakujua hatari. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, na mabohari ya misaada yaliporwa. Februari, kambi kama Bulengo na Lushagala zikabaki tupu, watu wakashika njia ya Sake, Masisi na Rutshuru. Orodha ikiharibika leo, nani atazunguka vijiji vyote hivyo kuwaandika upya?

Dawa inajulikana. Ya kwanza ni kuhamisha majina kwenye seva yenye programu ya kazi hiyo, kama PostgreSQL, ambayo ni ya bure. Hapo seva peke yake ndiyo inagusa daftari; kompyuta zingine zinauliza na kupewa jibu. Kabla ya kubadili kitu, seva inaandika pembeni inachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ikiwaka tena inamaliza kazi ile au inaifuta yote, isibaki nusu. Na inaenda haraka, kwa sababu kinachopita kwenye waya ni jibu tu, si rundo la majina. Haihitaji intaneti, inafanya kazi ndani ya nyumba moja.

Biro ambayo haiwezi kuhama mwezi huu ifanye hivi: majina yakae kwenye faili yao peke yake, na kila kompyuta iwe na fomu zake. Waya uchukue nafasi ya waifai. Seva na kifaa kinachounganisha waya vipate batri. Faharasa iwekwe kwenye namba ya jetoni na kwenye jina.

Tena nakala itolewe kila jioni, wote wakiisha kufunga faili. Moja ikae nje ya jengo, imefungwa kwa siri, maana orodha ya wakimbizi ikifika mikononi mwa mwenye bunduki ni silaha. Kila mwezi nakala ifunguliwe na kuhakikishwa. Ambayo haijawahi kufunguliwa, hakuna anayejua kama ni nzima.

“Hatuna pesa,” wanasema. Biro inayojaza magari mafuta kila wiki haiwezi kulia kwamba imekosa batri moja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa wanaopotea ni watu. Kwa hiyo kamati za wakimbizi na mashefu wa kartie waziulize biro maswali matatu: nakala ya mwisho ilitolewa lini, ilifunguliwa lini, na iko wapi? Familia nazo zitunze jetoni na kuzipiga picha. Na mashini ikisema mtu hayuko, jetoni yake na ushahidi wa majirani vipokelewe kwanza, apewe haki yake, kisha biro itafute kosa lake yenyewe.