KATANGA 1960: 25 SI 31, WALA SI 40



Sisi makarani kazi yetu ni kuhesabu. Asubuhi kapita analeta watu wake, sisi tunafungua buku na kusoma majina. Anayeitika anaandikwa. Asiyeitika haandikwi. Kapita akija na watu 25 na kusema, «Niandikie 40», tunamwuliza: «Kapita, wengine wako wapi?» Hatuna ruhusa ya kugeuza sheria ya buku ili kumpendeza. Karani anayefanya hivyo anafukuzwa kazi, na ni haki afukuzwe.

Leo tunafungua buku lingine: buku la Baraza la Jimbo la Katanga la mwaka 1960. Wazee wetu wanalijua kwa machozi. Vijana hawajaelezwa. Wameambiwa tu ya kwamba Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, kama vile jambo lile lilianguka toka mbinguni siku moja. Halikuanguka. Lilitengenezwa mwezi mmoja mbele, kwa kuharibu hesabu ya watu ndani ya nyumba ya Baraza.

Basi, tuhesabu.

Mwezi wa Mei 1960 wanaume wa Katanga walipiga kura. Tunasema wanaume, kwani sheria ya Wabelgiji haikuwapa mama zetu na dada zetu kura. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 60. CONAKAT, chama cha bwana Moïse Tshombe na bwana Godefroid Munongo, kilipata 25. Kartel ya BALUBAKAT ya bwana Jason Sendwe, pamoja na ndugu wa FEDEKA wenye asili ya Kasai na ndugu wa ATCAR, yaani Watshokwe, ilifuata karibu sana nyuma yake. Viti vingine vilikwenda kwa watu wasio wa pande hizo mbili.

Nusu ya 60 ni 30. Mwenye kutaka kusema «sisi ndio wengi» lazima awe na 31. CONAKAT ilikuwa na 25. Ilikuwa ya kwanza, ndiyo. Lakini kuwa wa kwanza si kuwa wengi. Mtoto wa shule anajua hesabu hiyo.

Sasa, chama kilicho cha kwanza bila kuwa na nusu kinafanya nini? Hakuna aibu ndani yake. Serikali ya namna hii inaweza kuishi, lakini inaishi kwa kupatana. Asubuhi inakwenda kwa jirani: «Ndugu, unataka nini ili tukae pamoja?» Inatoa kitu, inapokea kitu. Hapo ndipo wadogo wanapata sauti, kwa sababu mkubwa anawahitaji.

Na wale waliotutawala walilijua jambo hili kwao. Mwaka 1958, huko Ubelgiji, chama cha bwana Gaston Eyskens kilipata viti 104 katika Baraza la Wajumbe lenye viti 212. Kilikuwa cha kwanza, lakini nusu hakikufika. Eyskens akatawala miezi michache akiwa na pungufu, kisha mwezi wa Novemba mwaka ule ule akapatana na Waliberali na kuwapa vyeo katika serikali. Hakusema: «Hesabu hii hainipendezi, tubadili hesabu.» Alivumilia, akajadiliana.

Kumbukeni jina hilo la Eyskens, kwa sababu tutalikuta tena.

Tarehe 19 Mei 1960 Ubelgiji ilitoa Sheria ya Msingi ya kuongoza Kongo iliyo huru. Ndani yake kulikuwa na ulinzi mmoja. Baraza la jimbo, likitaka kuchagua serikali ya jimbo, lazima theluthi mbili ya wajumbe wawe wamefika. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Juu ya nini sheria iliweka hivyo? Ili kabila moja, chama kimoja, au tajiri mmoja asijifungie ndani na rafiki zake na kutoka nje amekuwa serikali ya watu wote. Tena Baraza lile halikuchagua serikali ya jimbo peke yake: lilichagua pia maseneta 14 wa kwenda Léopoldville. Lilikuwa na funguo mbili mkononi.

Kartel ilitaka sehemu yake katika serikali, na wajumbe wake wakakaa nje ya Baraza. Bila wao watu wa kutosha hawakupatikana. Sheria ilikuwa wazi: CONAKAT, nenda kapatane nao.

Haikwenda. Maombi yalipelekwa Ubelgiji. Na tarehe 15 Juni 1960, siku 15 mbele ya uhuru wetu, Bunge la Ubelgiji lilibadili Sheria ya Msingi. Ile theluthi mbili haikutakiwa tena. Serikali ya Ubelgiji wakati ule ilikuwa ya nani? Ya bwana Eyskens! Yeye ambaye kwao alikwenda kupatana kwa sababu ya kupungukiwa viti vichache, kwetu serikali yake ilipitisha dawa nyingine: mwenye pungufu asihangaike, sheria itakatwa ifuate kipimo chake.

Sheria ilikuwa haijafikisha mwezi mmoja. Nguo ya mtoto hudumu kuliko sheria ile.

Kwa njia hiyo Tshombe akawa rais wa serikali ya jimbo, Munongo akashika mambo ya ndani na polisi, na kiti cha rais wa Baraza kikakaliwa na bwana Charles Mutaka wa Dilomba wa CONAKAT. Kartel ikabaki nje. Kaskazini yote ya Katanga, toka Manono mpaka Albertville, ikaamka na kukuta inatawaliwa na serikali ambayo haikuiomba neno.

Wako watu wanaotujibu: «Kartel wenyewe walikataa kuingia. Je, jimbo lingekaa bila serikali?» Hatukimbii swali hili. Tunajibu mara mbili.

Kwanza: sheria haikusema jimbo likae bila serikali. Ilisema wapatane. Mtu akigoma kazini, hujibu kwa kufuta jina lake na kusema kikosi kimetimia. Unamwita mezani.

Pili, na hili ni lawama kwa upande ambao sisi wenyewe tuliulilia. Kukaa nje ni silaha yenye nguvu wakati sheria inasimama tu. Siku sheria ilipobadilishwa, silaha ile ilikufa, na wajumbe wa Kartel walikuwa mlangoni huku wengine wanagawana vyeo ndani. Kiti kitupu hakipigi kura. Watu waliowachagua waliwatuma wakaseme, nao wakanyamaza kwa mbali. Walikuwa na haki, lakini haki isiyokuwamo katika chumba haihesabiwi. Tuliwapenda, na kwa sababu tuliwapenda tunasema hivi.

Na matunda yake mnayajua. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwa redio ya kwamba Katanga ni inchi peke yake. Siri gani ilimpa ujasiri? Alikuwa na askari wa Ubelgiji nyuma yake, alikuwa na kodi za Union Minière zilizolipwa Elisabethville badala ya Léopoldville. Lakini alikuwa pia na karatasi: aliweza kusema, «Mimi ni serikali iliyochaguliwa na Baraza.» Karatasi ile aliipata kwa hesabu ya tarehe 15 Juni. Mwezi wa Agosti wakaandika katiba yao, wakamfanya mkuu wa dola.

Kaskazini ikakataa. Vijiji vikachomwa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa inchi nzima, aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Mwaka ule ule makumi ya maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao za Elisabethville wakalala katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Hao walikuwa nani? Walikuwa watu wa zamu moja nasi, waliokunywa maji ya bomba moja nasi. Jana mtu alikuwa fundi, leo anaulizwa kabila la baba yake. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville mwezi wa Juni 1964. Na shaba ilitoka kila siku, kwani shaba haiulizi nani amekufa.

Ndugu, hatuandiki haya ili kufufua ugomvi wa kaburini. CONAKAT haipo, Kartel haipo, Elisabethville imekuwa Lubumbashi, Albertville imekuwa Kalemie. Tangu 2015 Katanga ile imegawanyika majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lakini funguo mbili zile ziko pale pale. Kwa katiba ya 2006 mabaraza ya majimbo ndiyo yanayochagua magavana, na ndiyo yanayochagua maseneta. Wajumbe wachache katika chumba kimoja wanashika kura ya mamilioni.

Kwa hiyo mwenye kuomba kura yetu kambini au mtaani, tusimwulize tu atatuletea mabati mangapi na bia ngapi. Tumwulize mambo matatu. Chama chako kikipungukiwa na nusu, utapatana na nani, na kwa masharti gani, utuambie mbele ya watu? Mtu akitaka kubadili sheria ya kuhesabu katikati ya mchezo, hata kama mabadiliko yanakufaa wewe, utakataa? Na mambo yakiwa magumu, utabaki katika kiti chako ukaseme, au utatuachia kiti kitupu?

Anayeshindwa kujibu, asiandikwe katika buku letu.

Serikali yenye pungufu siyo ubaya. Ubaya ni serikali yenye pungufu inayojifanya wengi, na wengi wanaokubali kwa sababu wamechoka kuhesabu. Sisi tusichoke. Kila mfanyakazi anajua kuhesabu franka za mshahara wake, na tajiri akikosea anarudi kwa karani mara moja. Tuhesabu viti vya Baraza kwa macho yale yale.

Thelathini na moja ni thelathini na moja. Ishirini na tano ni ishirini na tano. Kongo ni moja.