Mti Mla Watu Mnautoa Wapi?

Jamani waandishi vijana wa Dunda, tusidanganyane! Eti mmea mla wadudu, ukiuweka koponi, usipoulisha nyama unakufa? Porojo! Chakula hujitengenezea kwa jua, kama mwembe wa uani. Mdudu huuongezea naitrojeni tu, kwa kuwa kinamasi ni fukara. Tena Darwin, kitabuni mwake cha 1875, alieleza majani ya Drosera yalivyojikunja kwa supu ya njegere! Pinguicula nayo humeng'enya chavua. Basi asiyependa kuua nzi, asiue.

Lakini nyie mwaendeleza uzushi wa gazeti la New York World la 1874: mti wa Madagaska unaomeza watu! Drosera madagascariensis imo hapahapa Tanzania, inanasa vidudu tu. Katazameni kwanza, ndipo mshike kalamu.