Mambo ya hawa watoto isiachwe ku «divers»

Kila mwaka mu mwezi wa 9, kisha masomo kufunguliwa, wazazi wanaitwa ku mukutano. Pa Sakania ile mikutano tunaijua muzuri. Saa ya kwanza ni feza, saa ya pili ni feza tena: viti, bati za paa, walimu wenye Leta haijaanza kulipa. Mambo ya mutoto mwenye hasikie, mwenye hatembee ao mwenye kifafa inawekwa ku mwisho kabisa, mu «divers». Pale wamama wanaamuka kwenda kupika, na wababa wa posti ya usiku wamekwisha kutoka. Katibu anafunga kayé. Mwaka umepita.

Tuseme kwanza ukweli kati yetu wenyewe, sisi watu wa mine: wengi wetu tunaficha hawa watoto. Tunasema alirogwa, ni mambo ya upande wa mama yake, na mutoto anabaki mu lupango na kuku. Ukiuliza muzuri utasikia: alipata malaria ya kichwa pa miaka miwili, ao meninjiti, toka pale masikio yalifunga. Ule ni ugonjwa. Uchawi unaingia wapi?

Haki iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure mu masomo ya Leta, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 ile bure ilianza. Haikuandikwa «isipokuwa kiziwi». Kisha tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitoka sheria n° 22/003 yenye kulinda watu wenye ulemavu. Sasa direkta akisema «mupeleke ule ku masomo yake kule Lubumbashi», mujibu kwa heshima: tata direkta, kule ni mbali, na mutoto wa miaka 7 angali anatafuta mama yake usiku.

Tena hatuombe milima. Mwenye hasikie muzuri akae mbele, na mwalimu amuangalie mu uso akisema, asisemeshe ubao. Ku mulango wa klasi pamwangwe simenti yenye kuinama ju kigari kipite. Bafundi betu bako, ni kazi ya siku moja. Mwenye kifafa akianguka, alazwe ku ubavu, bitu bigumu biondolewe karibu yake, na mutu asimutie kijiko mu kinywa! Mwalimu mumoja atumwe kujifunza luga ya mikono. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kuomba feza.

Na feza, batu ba mine, tunajua kwenye iko. Code ya mine ya 2018 inalazimisha kila kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3 % ya chiffre d'affaires yake ju ya maendeleo ya jamii zenye kuizunguka. Kuko na cahier des charges pia, yenye jamii na kampuni zinapatanisha. Lakini pa ile meza panaangaliwa karatasi. Kama COPA haikuandika kitu mu procès-verbal, watasema hakuna mutu aliomba, na watakuwa na sababu.

Ndiyo maana tunataka hii jambo iwe ya kwanza ku orodha ya mukutano, mbele ya feza, na iandikwe, na watu watie saini. Kazi ya sendika ni ingine: kuomba kwa wakubwa wa mine saa mbili za ruhusa siku ya mukutano. Leo mama anaenda peke yake, anaambiwa «rudia na bwana yako», na bwana iko chini ya shimo.

Kabla ya mukutano wenye kuja, kila mwenye mutoto kama hawa aone delege wa ekipe yake. Hatutasoma jina la mutoto mbele ya watu. Tunataka tu kujua ni wangapi, wa miaka ngapi, na wanaishi karibu na masomo gani.