Tusichome majani, na tusimwachie mama peke yake

Ndugu wakulima, mwezi wa sita ukifika hapa kwetu Kivu ya Kusini, mvua inakatika na moshi unaanza kupanda vilimani. Tunafagia majani ya avoka na ya migomba, tunayachanganya na mabua ya mahindi na maganda ya maharagi, halafu tunawasha kiberiti. Tunasema tunasafisha. Mwezi wa tisa, msimu A ukianza, sisi wenyewe njo tunauliza: mbolea itafika lini?

Mbolea ingine tulishaichoma. Moto unapeleka angani sehemu kubwa ya azoti iliyo ndani ya majani, ile inayokuza lengalenga na kabichi. Kunabaki majivu, na mvua ya kwanza inayateremsha bondeni.

Komposti si siri. Chini ya kivuli, weka majani makavu kimo cha kiganja, juu yake majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo. Nyunyiza maji, rudia mpaka lundo lifike mita moja ao moja na nusu. Funika na majani ya migomba. Ingiza kijiti katikati: ukikichomoa kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, ongeza maji. Geuza kila wiki tatu. Kisha miezi mitatu hivi, mbolea nyeusi iko tayari. Majani ya kaliptusi yakae pembeni, yanachelewa kuoza.

Wengi wenu munajua hayo yote. Basi kwa nini malundo ni machache? Sisi wenye kufundisha tulikosa jambo moja: tulionyesha namna ya kupanga majani, hatukuuliza nani atabeba maji. Ni mama anafagia. Ni mama anapanda kilima na bidoni mgongoni, wakati wa kiangazi chemchemi ziko mbali. Baba anapita tu kuuliza kama komposti imeiva. Mama akichoka, anawasha moto. Tusimlaumu.

Ndiyo maana tunaona lundo liwe kazi ya koperative. Asubuhi moja kila wiki, salongo: leo kwa huyu, kesho kutwa kwa mwingine, kwa zamu. Wanaume na vijana wachote maji na wageuze lundo. Na mama aliyefagia majani asikose sehemu yake wakati wa kugawa.

Hatusemi komposti itatosha shamba zima la mihogo. Haitatosha. Lakini viganja viwili katika kila shimo la nyanya ao kabichi vinaonekana wakati wa kuvuna, na hakuna franga iliyotoka mfukoni. Kwa jamaa zilizopoteza ng'ombe kwa vita, zisizo na samadi ya kutosha, majani hayo ni mali.

Kiangazi hiki, mbele ya kushika kiberiti, tushike kwanza bidoni. Na isiwe mama peke yake.